Paka, Sindano na Mkwaju: Vijambo Visivyofafanuliwa katika Simulizi za Kishujaa na Nafasi ya Simulizi ya Katabi

Ikisiri

Wasomaji wa fantasia za kishujaa hujadili kwa bidii vijambo vidogo ambavyo mtunzi amevitaja bila kuvieleza. Makala haya yanadai kwamba udadisi huo ni njia halali ya usomaji, mradi msomaji aulize kwanza pengo limetoka wapi. Kwa kutumia mifano kutoka kwa J.R.R. Tolkien, Utenzi wa Fumo Liyongo na simulizi ya Katabi inayosimuliwa mkoani Katavi, makala yanapendekeza aina tatu za mapengo: pengo la fanani, pengo la wakati na pengo la ufupisho. Inabainishwa kuwa aina mbili za mwisho haziwezi kuzibwa kwa kufasiri matini peke yake. Zinahitaji lugha na jamii iliyoizaa simulizi.

1.0 Utangulizi

The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien ilichapishwa katika juzuu tatu kati ya mwaka 1954 na 1955. Mahali pamoja, mhusika mmoja anamsifu mwenzake kwa uwezo wa kuipata njia usiku wa giza kuliko paka wa Malkia Berúthiel. Malkia huyo ni nani, na paka wake walifanya nini? Masimulizi yanaendelea bila kujibu. Mwaka 1955 Tolkien alimwandikia mshairi W.H. Auden kwamba alikuwa bado hajagundua lolote kuhusu paka hao. Baadaye aliwatungia habari, na muhtasari wake ukatokea katika Unfinished Tales (1980), kitabu kilichohaririwa na mwanawe, Christopher, baada ya kifo cha mtunzi. Kuhusu mhusika Tom Bombadil, ambaye asili yake imewatatiza wasomaji kwa miongo mingi, msimamo wa Tolkien ulikuwa tofauti. Katika barua ya mwaka 1954 kwa mwandishi Naomi Mitchison alieleza kuwa hata zama za visasili hazikosi mafumbo, na kwamba Bombadil ni fumbo la makusudi.

Kijambo cha kwanza hakikuelezwa kwa sababu mtunzi mwenyewe hakukijua. Cha pili hakikuelezwa kwa sababu mtunzi hakutaka. Ukurasani vyote viwili vinafanana: jina limetajwa, maelezo hayapo. Tofauti yake inajulikana leo kwa sababu tu mtunzi aliacha barua. Je, msomaji afanye nini pale ambapo mtunzi hajulikani, hakuacha barua, na simulizi imepita katika vinywa vya vizazi vingi? Swali hili ndilo kiini cha makala haya, na umuhimu wake kwa simulizi za magharibi mwa Tanzania ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa.

2.0 Pengo Liko Wapi?

Katika nadharia ya upokezi, Iser (1978) anaona kuwa matini ya kifasihi huwa na nafasi zilizoachwa wazi, na kwamba msomaji hushiriki kuumba maana anapozijaza. Mtazamo huu umewasaidia wahakiki kuacha kuliona pengo kuwa dosari. Hata hivyo, unachukulia kwamba pengo limo ndani ya matini. Kwa fasihi simulizi, dhana hiyo haitoshi. Kijambo kinachomtatiza mwanafunzi wa leo huenda hakikuwa pengo hata kidogo kwa hadhira ya kwanza, kwa kuwa ilikijua kama inavyojua jina la mto wake.

Kwa hiyo, makala haya yanatofautisha aina tatu. Pengo la fanani ni lile ambalo msimulizi ameliacha, kwa makusudi au kwa kutojua, na ambalo hadhira yake mwenyewe ililiona. Pengo la wakati hutokea pale maarifa ya hadhira ya kwanza yanapopotea huku maneno ya simulizi yakibaki. Pengo la ufupisho huzaliwa simulizi inapohamishwa: kutoka mdomoni kwenda kwenye karatasi, kutoka lugha moja kwenda nyingine, au kutoka usiku mzima wa masimulizi kwenda kwenye aya moja. Kuzichanganya aina hizi kuna madhara. Mhakiki anayelifasiri pengo la ufupisho kana kwamba ni pengo la fanani humsifu msimulizi kwa ukimya ambao hakuwa nao.

3.0 Mfano wa Fumo Liyongo

Utenzi unaohusishwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu, wa mwaka 1913, pamoja na masimulizi ya nathari yaliyochapishwa na Edward Steere katika Swahili Tales (1870), yana vijambo vingi vinavyofaa kupimwa kwa mkabala huu. Kimojawapo si pengo kabisa. Liyongo akiwa kifungoni anataka mama yake afiche tupa ndani ya mkate wa pumba. Msomaji anayeuliza kwa nini mkate uwe wa pumba anajibiwa na simulizi yenyewe: walinzi hukitwaa chakula kizuri na kukiacha duni kimfikie mfungwa.

Sindano ya shaba ni suala jingine. Shujaa hadhuriki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Simulizi haielezi sababu ya kitovu wala ya shaba. Kuhusu kitovu, lugha yenyewe inatoa mwanga. Mswahili hutaja kwao kwa kusema ni mahali kitovu chake kilipozikwa. Kitovu ni alama ya kufungamana na mama, ukoo na ardhi. Shujaa anayeweza kuuawa kitovuni pekee ni shujaa anayeweza kuuawa na watu wa damu yake tu, na ndivyo inavyokuwa. Kwa mjuzi wa usemi huo, kitovu hakikuhitaji ufafanuzi. Hilo ni pengo la wakati, na linazibika kwa kiasi kikubwa kwa sababu Kiswahili bado kinasemwa. Shaba, kwa upande mwingine, haina usemi wa namna hiyo wa kuifungua, na busara ya kitaaluma ni kuiacha wazi badala ya kuibunia ishara.

Muuaji naye anatofautiana. Katika utenzi ni mwana wa Liyongo, ilhali baadhi ya masimulizi yanamtaja mwana wa dada yake. Kwa msomaji aliyezoea urithi wa baba kwa mwana, mpwa anaonekana kuwa mtu wa pembeni. Kwa hadhira iliyojua urithi wa upande wa kuukeni, mpwa ndiye mrithi, na tamaa yake haihitaji kuelezwa. Tofauti ndogo ya neno la ujamaa inabeba mfumo mzima wa urithi ambao simulizi haiutaji popote.

4.0 Simulizi ya Katabi

Mkoa wa Katavi, wenye makao makuu yake Mpanda, uliundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Jina lake, kama lile la hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1974, linatokana na Katabi. Kwa muhtasari unaofahamika zaidi, Katabi alikuwa mwindaji mashuhuri. Mzimu wake unaaminika kukaa katika mkwaju ulio karibu na Ziwa Katavi. Na watu huweka sadaka chini ya mti huo ili kupata baraka zake. Muhtasari huu ndio unaowafikia wageni wa hifadhi na wasomaji wengi wa Kiswahili. Ni mfupi, nao umejaa vijambo visivyofafanuliwa. Viwili vinachunguzwa hapa.

4.1 Jina

Kwa kawaida mzimu huandikwa Katabi, lakini ziwa, hifadhi na mkoa huandikwa Katavi. Kubadilishana kwa b na v kunaweza kuwa na maelezo zaidi ya moja. Lugha kadhaa za magharibi mwa Tanzania, zikiwemo Kisukuma na Kinyamwezi, zina sauti inayotamkwa kwa midomo miwili bila kuibana kabisa. Kiswahili hakina herufi ya sauti hiyo, na masikio mawili yanaweza kuiandika tofauti: moja b, jingine v. Maelezo mengine ni mabadiliko ya kifonolojia baina ya lugha jirani, kwa kuwa katika lugha nyingi za Kibantu b ya asili hugeuka v ikifuatwa na irabu ya juu ya mbele. Kiambishi vi- cha Kiswahili ni tokeo la mchakato huo. Uamuzi baina ya maelezo haya hauwezi kutokana na jina moja. Unahitaji orodha ya maneno ya Kibende, Kipimbwe na Kikonongo yenye mazingira yale yale.

Silabi ya kwanza inastahili uangalifu zaidi. Ramani ya eneo hili imesheheni majina kama Katuma, Kakese, Kasokola, Kabungu na Karema. Si lazima kila ka- iwe kiambishi, lakini wingi wake unadokeza ngeli ya 12, ambayo katika lugha nyingi za Kibantu huonyesha udogo na hutumika pia kuunda majina ya watu na wahusika. Kalulu, sungura wa ngano za Kibemba na Kichewa, ni mfano: mdogo wa umbo, mkubwa wa hila. Je, Katabi ni mdogo kwa namna hiyo, au ka- yake ni ya jina la heshima, au si kiambishi kabisa?

Swali hili linaweza kupimwa kwa upatanisho wa kisarufi. Endapo msimulizi katika lugha ya asili anampatanisha Katabi na ngeli ya 1, anamtaja kama mtu. Endapo anampatanisha na ngeli ya 12, udogo bado unasikika. Endapo anabadilisha upatanisho katikati ya simulizi, kwa mfano pale mwindaji anapokuwa mzimu, basi sarufi ndiyo inayosimulia mageuzi hayo. Kiswahili kinafuta ushahidi huo wote. Kiumbe hai, hata kikiwa na jina la ngeli ya 7, hupatanishwa na ngeli ya 1: kijana anakuja, kiboko ameingia majini. Simulizi ya Katabi ikiwa imehifadhiwa kwa Kiswahili peke yake, hakuna ufasiri utakaoweza kurudisha kilichopotea. Hili ni pengo la ufupisho katika sura yake kamili.

4.2 Mkwaju na Mwindaji

Kijambo cha pili ni mti. Kwa nini mkwaju, si mbuyu wala mtini? Jibu la haraka kwamba miti mikubwa huogopwa halisaidii, kwa sababu halichagui mti. Mkwaju hutoa kivuli kizito na matunda makali yanayohifadhika. Mwenyeji anayejua matumizi yake katika chakula, tiba na safari za porini anaweza kuona kwamba hakuna cha kuuliza. Pengo la mkwaju, basi, huenda liko kwa msomaji.

Sadaka nazo zinaonyesha jinsi pengo la wakati linavyozaliwa. Mzimu wa mwindaji ni mtu wa kuombwa baraka na wawindaji. Lakini mkwaju huo umo katika hifadhi ya taifa, ambamo uwindaji hauruhusiwi. Uhusiano uliokuwa wazi kwa mtu aliyebeba upinde unakuwa fumbo kwa mjukuu wake. Neno "mwindaji" limebaki katika muhtasari. Kazi iliyolipa maana imeondoka mahali hapo.

5.0 Hitimisho

Kwa mujibu wa sensa, wakazi wa Katavi waliongezeka kutoka 564,604 mwaka 2012 hadi zaidi ya milioni 1.15 mwaka 2022. Wenyeji wanaozungumza Kibende, Kipimbwe na Kikonongo wanaishi pamoja na wahamiaji wa lugha nyingi, na Kiswahili ndicho kiunganishi. Hali hiyo ina manufaa yake, lakini inaharakisha kugeuka kwa simulizi kuwa muhtasari.

Hatua tatu zinapendekezwa kwa wanafunzi wa uzamili na wasimamizi wao. Kwanza, simulizi ya Katabi irekodiwe katika lugha za asili, kwa wasimulizi zaidi ya mmoja, na inukuliwe pamoja na viambishi vya upatanisho kabla ya kutafsiriwa. Pili, maswali ya hadhira yaandikwe pamoja na simulizi. Mahali wasikilizaji wazee wanapouliza ni dalili ya pengo la fanani. Mahali vijana tu wanapouliza ni dalili ya pengo la wakati. Tatu, mhakiki aonyeshe aina ya pengo kabla ya kulifasiri. Wapenzi wa Tolkien waliweza kusubiri barua na miswada ya mtunzi wao. Kwa Katabi, nyaraka pekee ni wazee wanaoisimulia kwa lugha zao, na muda wa kuwauliza ndio unaopungua.