Tiba ya Uraibu kwa Lugha ya Mgonjwa

Watumiaji wa unga, yaani heroini, wa Dar es Salaam na Mombasa wana neno lao: arosto. Ni mifupa inayouma, kamasi zinazochuruzika, tumbo la kuhara na usiku usio na usingizi, pale kete ya unga inapokosekana. Katika kliniki ya methadoni iliyoanzishwa Muhimbili mwaka 2011, mgonjwa akisema ana arosto, muuguzi anajua pa kuanzia.

Mgonjwa huyohuyo akiwa Marekani, waliko maelfu ya wakimbizi wa Kongo na wahamiaji wa Afrika Mashariki, huenda akakaa mbele ya mshauri huku mwanawe wa miaka kumi na miwili akitafsiri. Baba atawezaje kusema, mtoto akisikia, kwamba aliuza simu ya mama wa mtoto huyohuyo apate pesa ya kununulia unga?

Sheria haikubali hali hiyo. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza huduma zinazopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa asili ya taifa lake, na sheria ya bima ya afya ya 2010 ikaongeza nguvu: hospitali na vituo vinavyopokea fedha hizo vinapaswa kumpa mgonjwa asiyejua Kiingereza mkalimani mwenye sifa, bila malipo. Mtoto hatakiwi kutumiwa kama mkalimani, isipokuwa katika dharura.

Umahiri wa mkalimani una uzito wake. Swali jepesi kama "Unatumia dawa gani?" lina mtego: mmoja atataja vidonge vya presha, kumbe anaulizwa kuhusu heroini. Kiswahili cha Bukavu nacho si cha Unguja, hivyo mgonjwa ana sababu ya kutaja anakotoka.

Pa kuanzia papo. Simu ya taifa ya Marekani ya msaada kuhusu uraibu, 1-800-662-4357, ni ya bure na hupokelewa usiku na mchana, kwa Kiingereza na Kihispania. Kwa hiyo familia imtafute mtu mzima inayemwamini, anayejua mojawapo ya lugha hizo, aulizie vituo vilivyo karibu. Tovuti ya FindTreatment.gov nayo huonyesha vituo kwa eneo.

Kituo kikipatikana, kiulizwe: mkalimani atakuwepo hata kwenye vikao vya kikundi, au siku ya kwanza tu? Sehemu kubwa ya tiba hufanyika kwenye vikao hivyo, na anayekaa humo bila kuelewa hushinda amenyamaza.

Wapo wanaoogopa kwamba mkalimani wa mtaani kwao atatoboa siri. Hao waombe mkalimani wa simu aliye jimbo jingine. Kumbukumbu za tiba ya uraibu zina ulinzi wake maalumu katika sheria za Marekani.

Basi ndugu wa mgonjwa, unapopanga miadi ya kwanza, omba mkalimani wa Kiswahili siku hiyohiyo, na mtoto mwache aende shule.