Siku 19 za Kununa

Napenda kuwaeleza ndugu zangu wenye nyumba, wanaume kwa wanawake, jambo lililonipata mimi mwenyewe hapa Usoke, nami kwa muda mrefu nililionea haya.

Mimi na mke wangu tumeoana miaka 27 sasa. Ila yake niliyoijua tangu mwaka wa kwanza ni kuwa mkono wake haufungiki. Jirani akija kuomba chungu, hupewa. Akija kuomba mpunga, hupimiwa. Mwaka mmoja, nilipokuwa safarini Tabora mjini, aligawa madebe mawili ya mpunga niliouweka kuwa mbegu. Niliporudi nikaliona gunia limelegea. Sikumpiga wala sikumtukana. Nilinyamaza, na kwa ujinga wangu nikadhani kunyamaza huko ndiyo subira.

Nilinyamaza siku 19. Chakula nilikula barazani peke yangu. Nikihitaji kitu, humtuma binti yetu, ambaye siku zile alikuwa na miaka sita: "Mwambie mama yako alete maji." Naye hurudi: "Mama anasema maji yamo mtungini." Mtoto akawa tarishi ndani ya nyumba ya vyumba viwili. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakarudi. Mimi safari yangu ilikuwa kutoka barazani hadi jikoni, na siku 19 sikufika.

Na katika siku hizo hizo somo la madrasa lilikuwa hadithi mashuhuri inayomkataza Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na kumsifu katika wawili hao yule anayetangulia kutoa salamu. Niliiandika ubaoni kwa mkono wangu, watoto wakaihifadhi. Kisha nikarudi nyumbani, nikala barazani.

Kilichonizindua ni mchezo. Watoto walikuwa chini ya mwembe wakicheza nyumba, binti yetu ndiye mama, na kijana wa jirani ndiye baba. Kijana akaja akasema, "Hodi, mke wangu." Binti yangu akamkatiza: "Siyo hivyo! Wewe baba. Baba hasemi na mama."

Niliinuka nikaenda jikoni, nikatoa salamu. Mke wangu aliitikia bila kugeuka, mkono uko kwenye mwiko. Kisha akasema, "Mwalimu, mbegu nilikosa, sikukungoja. Lakini hii ni mara ya saba unanihama tangu tuoane, na sijapata kukusemea kwa mtu." Wallahi, nilikuwa nikidhani kwamba katika nyumba ile mwenye kusubiri ni mimi peke yangu.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Nisaa, aya ya 19, amewaamrisha waume wakae na wake zao kwa wema, akawatanabahisha kuwa huenda mtu akachukia kitu ambacho ndani yake Mungu ametia kheri nyingi. Majirani wale wale waliokula mpunga wangu ndio waliomuuguza mke wangu alipojifungua nami nikiwa mbali. Hilo sikulitia katika hesabu. Na Bwana Mtume, bibi mmoja wa nyumba yake alipovunja sahani ya mwenzake mbele ya wageni kwa wivu, aliviokota vipande na chakula kwa mikono yake, akawaambia wageni kuwa mama yao ameingiwa na wivu, kisha akatoa sahani nzima badala ya ile.

Wala mtu asinifahamu vibaya. Subira ninayoitaja ni ya mbegu na mtungi. Mwanamke anayepigwa haambiwi asubiri: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, imesema wazi kuwa mume hana haki ya kumpiga mke, wala mke kumpiga mume. Na mfarakano ukizidi, aya ya 35 ya Sura hiyo hiyo imeweka wasuluhishi wawili, mmoja wa upande wa mume, mmoja wa upande wa mke.

Mpaka leo mkono wake haujafungika. Tumepatana jambo moja: mbegu hukaa chini ya kitanda, na kisichokuwa mbegu ni hiari yake. Nami kununa kwangu hakujaisha kote. Kukinijia, siku ya tatu baada ya alasiri huja barazani na kikombe cha chai, akasimama mbele yangu, akaniuliza, "Mwalimu, leo siku ya ngapi?"