Je, Wajua? Pumzi Katika Yoga

• Mazoezi ya kupumua ya yoga, yaitwayo pranayama, yalianzia India. Katika mafundisho ya Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga, ni hatua ya 4 kati ya 8: mwanafunzi kwanza hujifunza kukaa akatulia, ndipo aishike pumzi.

• Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Pranayama ya taratibu huweza kushusha idadi hiyo hadi 6 hivi. Unapotoa pumzi polepole, mapigo ya moyo nayo hupungua kasi.

• Zoezi la nadi shodhana hutumia tundu moja la pua kwa zamu. Kaa wima. Ziba la kulia kwa kidole gumba, vuta pumzi kwa la kushoto. Ziba la kushoto kwa kidole cha pete, toa kwa la kulia. Vuta kwa la kulia hilohilo, kisha toa kwa la kushoto. Huo ni mzunguko mmoja.

• Katika zoezi la bhramari, unatoa pumzi midomo ikiwa imefumbwa, huku ukivuma kama nyuki. Mwaka 2002 watafiti wa Sweden walionyesha kuwa kuvuma huko huongeza sana puani gesi ya naitriki oksaidi, ambayo hutanua mishipa ya damu.

• Mjamzito, au mwenye shinikizo la juu la damu au maradhi ya moyo, asibane pumzi wala asifanye mazoezi ya kupumua kwa kasi kabla ya kumwona daktari. Ukihisi kizunguzungu, acha mara moja, upumue kawaida.