Kauli ya Kutendeka na Utafutaji wa Hitilafu katika Vidhibiti vya Programu

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi mnyambuliko wa vitenzi unavyohusika na kazi ya fundi atafutaye hitilafu katika kidhibiti cha programu. Hicho ni chombo cha elektroniki kiendeshacho mashine za viwandani, ambacho mafundi hukitaja kwa herufi za Kiingereza, PLC. Kilibuniwa Marekani mwaka 1968 na Dick Morley na wenzake, kikachukua nafasi ya makabati yaliyojaa relei na nyaya.

Utendaji wake ni huu. Kwanza husoma hali ya swichi na vihisi. Pili hupitia programu. Tatu hupeleka amri kwenye mota na valvu. Kisha huanza upya, aghalabu baada ya milisekunde chache tu. Hivyo mashine yaweza kusimama ilhali kidhibiti hakina kasoro yoyote: kinangoja ishara isiyofika. Hitilafu nyingi hutokea nje yake, katika vihisi, nyaya na fyuzi.

Tumchukue fundi akaaye Komarock, Nairobi, aitwaye kiwandani usiku. Ataambiwa, "Mashine imeharibika." Kauli ya kutendeka hutaja hali bila kumtaja mtendaji. Kwa mwendeshaji yatosha. Kwa fundi ni dalili tu. Kazi yake ni kutoka kwenye kitenzi hicho kipana hadi kwenye kitenzi mahsusi: waya *umekatika*, fyuzi *imeungua*, skrubu *imelegea*.

Njia yake ni taa ndogo zilizo kwenye kidhibiti. Ikiwa taa ya ingizo inayopaswa kuwaka haiwaki, kosa liko kwenye kihisi au waya wake. Ikiwa taa ya tokeo inawaka na mota haizunguki, atafute mbele: fyuzi, kontakta, mota yenyewe. Ikiwa maingizo yote ni sawa na tokeo haliwaki, ndipo afungue programu na kutafuta sharti ambalo halijatimia.

Liko jambo zito zaidi. *Imezimika* na *imezimwa* hutofautiana kwa kiambishi tu, lakini tofauti hiyo yaweza kumgharimu mtu mkono. Mkanda uliosimama kwa sababu vumbi limeziba kihisi haukuzimwa na mtu. Atakayekipangusa ataifikisha ishara, na mkanda utaondoka papo hapo. Kwa hiyo, baada ya kusoma taa na kabla ya kugusa chochote, fundi hana budi kukata umeme kwenye swichi kuu, kuifunga kwa kufuli na kuhakikisha kwa mita. Hapo ndipo awezapo kuwaambia wenziwe wa zamu, "Imezimwa." Kauli ya kutendwa hapa ni ushahidi kwamba yupo mtu aliyetenda, na kwamba ufunguo uko mfukoni mwake.

Uundaji wa istilahi aghalabu huanza na nomino: kidhibiti, kihisi, ingizo, tokeo. Hizo zahitajika. Hata hivyo, tangu Katiba ya Kenya ya 2010 kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, mwanaisimu hawezi kuridhika na majina ya vitu peke yake. Maagizo ya usalama yaandikwayo kwa Kiswahili yapasa kuzingatia kauli za vitenzi kwa makini yale yale. Msamiati huo haukosekani. Umo tayari katika sarufi yetu, nao wasubiri kuwekewa mipaka ya matumizi.