Picha ya Chombo kama Ushahidi wa Usalama: Ziwa Mweru, Nchelenge

Makala haya yanafafanua thamani ya kupiga picha vyombo vya abiria katika Ziwa Mweru, mpakani mwa Zambia na Kongo. Kutoka Nchelenge, mashua huvusha watu na mizigo hadi visiwa vya Kilwa na Chisenga. Hatari ya kuzidisha abiria inajulikana: kivuko MV Nyerere, kilichopinduka Ziwa Victoria tarehe 20 Septemba 2018, kiliidhinishwa kubeba watu 101, waliofariki walizidi 220. Picha ya ubavu wa chombo kabla ya safari huonyesha jina lake, wingi wa waliomo na kina kilichozama, hata pasipo orodha ya abiria. Kwa kuwa mpigapicha mpakani huweza kudhaniwa mpelelezi, tunapendekeza utaratibu wa kibali unaoeleweka, utolewao gatini.