Je, Wajua? Kwa nini mama anaitwa "he"

Simama kidogo kwenye steji ya Satellite, barabara ya Naivasha jijini Nairobi, na huenda ukamsikia mtu mzima akisema kuhusu mamake, "He is sick." Si uzembe. Kiswahili kina "yeye" kwa mke na mume. Kikuyu, Kiluhya na Kijaluo vivyo hivyo. Ulimi haujazoea kuuliza jinsia kabla ya kumtaja mtu. Na anayesema "I hear a smell"? Kwetu harufu husikika.

Gumu zaidi ni kukubali na kukataa. Mteja anauliza dukani, "Don't you have bread?" Muuzaji anajibu, "Yes," yaani ndiyo, ni kweli usemavyo, mkate hakuna. Kiingereza kilitaka "No". Basi mteja anabaki kaunta akingoja mkate.

Kinachochekwa zaidi, hata hivyo, ni matamshi. Kikuyu hakina sauti ya l, kwa hiyo "rice" na "lice" hukaribiana mdomoni. Nairobi tunaita hali hiyo kushrabu. Inaniuma, maana kicheko hicho kimewanyamazisha watu wazima wengi waliokuwa wameanza kujaribu Kiingereza.