Kiatu cha Tope kwa Mtu wa Umbo Dogo

Mto Tana haungoji mvua inyeshe Chewele ndipo ufurike. Maji hutoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, yakateremka hadi kwetu, na yanapopungua huacha tope jeusi linatalo kama ulimbo. Ndivyo ilivyokuwa wakati wa El Nino ya 1997 na 1998, ndivyo ilivyokuwa Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024. Ni katika tope hilo mwalimu huenda kufundisha na mwanafunzi huenda kufanya mtihani. Leo nataka tuitazame miguu yao, maana suala la kiatu limedharauliwa mno.

Ingia katika duka uulizie gambuti. Aghalabu utaonyeshwa nambari nane, tisa na kumi, na pembeni jozi chache za watoto zenye rangi za kuchekesha. Kati ya hizo hamna kitu. Mtu mzima wa umbo dogo, na hapa nawakusudia hasa walimu wa kike (pamoja na wanaume wafupi ambao haya huwazuia kulalamika), huambiwa achukue kubwa, ajaze soksi. Tena huongezewa falsafa: kiatu kipana hakizami.

Falsafa hiyo ina nusu ya ukweli. Katika nchi za theluji, kama Kanada, watu hufunga chini ya viatu vyao kitu kipana mfano wa ungo mrefu, ili uzito wa mwili utawanyike wasididimie. Wenyeji asilia wa huko walivitengeneza kwa fito zilizopindwa na kusukwa kwa kamba za ngozi. Siku hizi ni vya alumini na plastiki. Lakini hata huko mnunuzi hachukui kikubwa kwa kuwa ni kikubwa. Huulizwa uzito wake pamoja na wa mzigo atakaobeba. Mtu mwepesi hupewa cha sentimita 56 hivi, na pande la mtu lenye shehena mgongoni hupewa cha 76. Mwepesi akivaa cha yule mzito, hutembea miguu imetanuka, hujikwaa, na huchoka kabla ya nusu ya safari.

Isitoshe, theluji hainati. Tope letu hukifyonza kiatu, na kadiri wayo ulivyo mpana ndivyo nguvu ya kuung'oa inavyozidi. Wafugaji wa Kiorma wanalijua jambo hili bila kulisoma popote. Ng'ombe ana kwato mbili zinazotanuka anapokanyaga na kujifunga anapoinua mguu, naye hupita. Ngamia, ambaye wayo wake mpana ni neema mchangani, huteleza vibaya kwenye udongo uliolowa. Basi mwalimu mwenye mguu wa nambari nne ndani ya gambuti ya nambari nane huinua mguu, kiatu kikabaki. Akiwa amebeba madaftari, mna hakika ya yatakayoyapata madaftari hayo.

Hatari kubwa zaidi ni maji. Gambuti inayopwaya shingoni hujaa mara mvaaji anapokanyaga shimo. Lita tatu ni kilo tatu za kuinuliwa katika kila mguu, na penye mkondo kilo hizo si mzaha.

Wapo watakaosema: basi avue, aende pekupeku kama wazee wetu. Siafiki hata kidogo. Maji yaliyotuama na mifereji ya umwagiliaji ni makao ya konokono wa kichocho, na safura huingia kupitia ngozi ya wayo. Kuna pia miiba ya mathenge, mti ulioletwa Bura katika miaka ya 1980, miiba ambayo hutoboa hata akala za mpira wa gari. Na akala zenyewe hunyakuliwa na tope kwa urahisi kuliko kiatu chochote.

Kwa hiyo mtu wa umbo dogo ajaribu gambuti jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za siku, akiwa na soksi zile zile atakazovaa. Apige hatua kumi, kisha achuchumae. Kisigino kikipanda ndani ya kiatu, akirudishe dukani. Shingo ya kiatu ikimgusa nyuma ya goti, hilo ni dogo: mpira hukatwa kwa kisu kikali. Kupwaya hakuna dawa ya kisu.

Wenye shaka na waingie darasani. Mwanafunzi akanyage karatasi ya grafu, mwenzake achore wayo kwa penseli, wahesabu miraba, kisha wagawe uzito wa mtu kwa eneo walilopata. Mwenye kilo 48 na wayo wa sentimita mraba 160 hukanyaga kwa gramu 300 kwa kila sentimita mraba. Mwenye kilo 80 na wayo wa sentimita mraba 230 hukanyaga kwa gramu 348 hivi. Yule mdogo, kumbe, ndiye anayezama kidogo, na upana wa ziada aliouziwa hakuuhitaji.

Karatasi hizo zisitupwe. Mwalimu aandike juu ya kila moja nambari ya kiatu cha mwenyewe, azihesabu nambari tatu, nne na tano, na ampelekee mwenye duka orodha kabla ya mvua za Machi, wakati angali anaagiza mali.